Chanzo Kinahitajika

Makala ya sumukuvu ilianza na mistari mitatu,
mmoja wao wa uongo.
"Mahindi yakishapikwa hayana sumu tena."
Nani aliandika, hatujui. Alikuwa tarakimu na nukta,
akapita kama mpita njia aliyeacha geti wazi
mbuzi wakaingia.

Niliufuta. Ilikuwa Machi, bwenini Chimwaga,
umeme umekatika, simu ina asilimia kumi na moja,
na upepo unasukuma vumbi chini ya mlango
kana kwamba nao una taarifa ya kuongeza.

Tulikuwa wanne. Hatukuwahi kuonana.
Yaledi, bwana shamba wa Mpwapwa,
alijua unyevu wa punje kwa kuing'ata,
akaambiwa jino si marejeo;
siku tisa akatafuta, akarudi na kitabu na ukurasa,
akaandika: asilimia kumi na tatu na nusu.
Nyemo wa maabara, mkali wa istilahi:
"Kuvu si ukungu! Ukungu ni ule wa vilima vya Kondoa asubuhi."
Tuligombana hadi majogoo kwa herufi chache,
posho hakuna, hata maji ya chupa hakuna.

Wa nne alijiita Kibaba, na kweli alikuja haba na haba.
Leo nukta, kesho nafasi iliyozidi.
Tulipokosea sifuri kwenye bilioni
aliirudisha mahali pake bila neno,
kama mtu anayegeuza viatu vya mgeni
vielekee njia ya kurudi kwao.

Halafu usiku mmoja, saa tisa na dakika kumi na mbili,
chini ya kichwa kidogo "Dalili", Kibaba aliandika:

*Macho yake yaligeuka manjano. Tulidhani ni malaria.
Tulikuwa tunamalizia kihenge cha mwisho.
Aliitwa Shafii. Alijua kuhesabu mpaka arobaini.*

Nikafuta.
Makala haina "tulidhani".
Makala haina jina la mtoto wa mtu.
Nikaweka sababu kwa maneno mawili, chanzo kinahitajika,
nikaenda kunywa chai, chai ikakataa kushuka.

Asubuhi alijibu. Hakuteta. Aliuliza tu:
"Kaburi ni chanzo cha msingi, au cha upili?"

Yaledi hakuwa na jibu.
Nyemo, ambaye hakosi jibu,
alirekebisha koma moja akaondoka.
Mimi niliandika, nikafuta, nikaandika "pole",
nikaona neno lenyewe limekaa vibaya
katikati ya kanuni zetu, nikaliacha hivyo hivyo.

Siku nne kimya.
Kisha Kibaba akarudi, sasa akisema yuko Chemba,
na ripoti tatu, majina ya madaktari, namba za kurasa,
na sentensi moja kavu kama punje iliyoanikwa vizuri:

*Sumu hii huharibu ini; watoto huathirika zaidi, na wengine hufariki.*

Tuliipitisha wote. Hakuna aliyegusa koma.
Hilo neno "wengine" nimelisoma
mara nyingi kuliko jina langu.
Humo ndani kuna mtu anahesabu,
thelathini na nane, thelathini na tisa.

Leo makala ina marejeo ishirini na sita.
Kuna mwanafunzi Kongwa ameinakili yote, na makosa yake mawili,
mwalimu akampa tisini.
Majina yetu hayamo. Lakini fungua historia,
shuka, shuka tena, mpaka ule usiku:
mabadiliko ya Kibaba, yaliyodumu dakika sita.
Yapo. Mkono wangu uliyaondoa kwenye ukurasa,
haukuweza kuyaondoa duniani.

Juzi alipita tena. Sijui hadi leo ni mama au ni baba.
Alibadilisha kitu kimodja tu, kwenye "Uanikaji":
palipoandikwa *juu ya ardhi isiyo na majani*
pakawa *juu ya turubai, kamwe si chini*.

Chanzo hakuweka.
Sikuuliza.